Shikamoo kwa Mwenyeji wa Kundi la Nne

Naandika haya nikiwa nimeshastaafu, sina ofisi ya kuitetea wala mkubwa wa kumridhisha. Nayaandika kwa kuwa yamekuwa yakisimuliwa visivyo. Nimewahi kuyasikia kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe, nimekaa na kikombe changu cha kahawa, yakisimuliwa na mtu asiyejua kwamba mhusika ni mimi: ati kulikuwa na mzee mmoja aliyempigia goti msichana huko chuo kikuu akimwamkia. Sikupiga goti. Hilo liwekwe sawa tangu mwanzo. Mengine, kwa bahati mbaya, ni kweli, na haya yake bado ninayo usoni.

Niliajiriwa mwaka 1985, karani wa masijala katika idara moja ya serikali hapa Unguja. Masijala ni chumba cha majalada: barua ikiingia hupigwa muhuri, hupewa namba, hutiwa jaladani, na haitoki humo bila ya saini ya mtu. Nilianza kwa kubeba majalada mikononi nikaishia kuwa mkuu wa sehemu nzima. Katika muda wote huo sikumruhusu karani yeyote kufuta, kuchana wala kubandika karatasi juu ya kilichokwisha kuandikwa. Aliyekosea alipiga mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi pembeni, akatia saini, ili atakayekuja baadaye alione kosa na amwone aliyelisahihisha. Wapo wanaoikumbuka sheria hiyo kwa chuki. Wana haki ya kuchukia, lakini sheria ilikuwa nzuri.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukaja muundo mpya wa utumishi, uliotaka kila mkuu wa sehemu awe na shahada. Waraka ule niliusoma nimesimama. Mtu aliyetajwa kuwa angeweza kushika nafasi yangu alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe jinsi ya kufungua jalada. Alikuwa nayo shahada, na hadi wakati huo alikuwa hajui tofauti ya nakala na asili. Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akanivutia kiti.

"Bwana mkubwa," akasema, "nenda chuo. Wanapokea watu wazima kwa mtihani wao. Ukishasajiliwa, kiti chako kinakungoja. Usiposajiliwa muhula huu, mimi siwezi kukishikilia."

Nilifanya mtihani ule wa watu wazima nikafaulu. Sikumwambia mtu ila mke wangu.

"Na hao watoto utakaosoma nao," akaniuliza, "utazungumza nao nini?"

"Sitazungumza nao. Nitasoma."

"Haya," akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Lakini ulimi wako wa kuwakaripia makarani uuache hapa nyumbani."

Nilidhani baada ya kukubaliwa yamebaki mambo ya kawaida: kwenda na vyeti, kupanga foleni, kupigiwa muhuri. Barua ya chuo ikanitaka kwanza nijiunge na kitu kilichoitwa Ukurasa wa Mapokezi, ambacho kilikuwa kwenye mtandao. Sina budi kusema haki: nia ilikuwa njema. Miaka iliyotangulia vijana wengi walifika chuoni kutoka skuli za Mkokotoni, Makunduchi na Pemba wakazunguka muhula mzima hawajui kitabu kinatafutwa vipi wala mhadhara na semina vinatofautiana wapi, na wengine wakarudi kwao kimya kimya. Chuo kikaamua kuwashika mkono kabla hawajafika. Wageni waligawiwa makundi ya watu kumi kumi, na kila kundi likapewa mtu wa kulijibu na kulipa mazoezi, aliyeitwa Mwenyeji. Majina hayakuonekana, kila mmoja wetu alijulikana kwa namba. Kila neno lililoandikwa na mmoja lilisomwa na kundi zima. Mwisho wa mazoezi ilikuwa kwenda chuoni, kila mgeni kwa Mwenyeji wake, akahakikiwe na kupigiwa muhuri. Asiyehakikiwa hasajiliwi.

Nyumbani hatukuwa na kompyuta, na ya ofisini sikutaka kuitumia kwa shughuli zangu. Mjini palikuwa na maduka ya intaneti, na Darajani vilevile, lakini humo ningekutana na nusu ya watu ninaofahamiana nao. Nikaenda Mwanakwerekwe, kwa bibi mmoja aliyekuwa na duka la vifaa vya skuli na kompyuta mbili nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mcheshi kupita kiasi.

"Bonyeza mara mbili, bwana," aliniambia siku ya kwanza, amesimama nyuma yangu. "Mara mbili upesi. Hivyo unabisha hodi kwa mgonjwa."

"Nimebonyeza mara mbili."

"Umebonyeza leo na kesho. Haya, tena."

Ukurasa ulipofunguka nikakuta wenzangu tisa wamekwisha kujitambulisha. Mmoja ameandika "Mambo humu." Mwingine, "Vipi wana, nshafika." Watatu waliandika "Salama" bila hata kuulizwa hali. Nilikasirika mbele ya kioo kile kama niliyekanyagwa mguu. Hawa walikuwa wanamwandikia Mwenyeji wa chuo kikuu, na mimi katika maisha yangu yote mwenyeji nilimjua kuwa mtu wa namna moja. Wageni wa serikali walipofika kiwanja cha ndege, aliyekwenda kuwapokea alikuwa mkubwa wa idara. Kwenye harusi, aliyesimama mlangoni kupokea watu alikuwa mzee wa ukoo. Kijana huwekwa apange viatu. Kwa hiyo sikujiuliza hata mara moja huyu Mwenyeji ni nani. Nilimwona kabisa: mwalimu mstaafu, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, miwani iliyoteremka puani, amekaa na kanzu yake mbele ya kompyuta kwa shida kama mimi.

Nikaandika hivi, na ninayakumbuka maneno kwa sababu nimekuja kuyaona mara nyingi baadaye:

"Kwa Mwenyeji wa Kundi la Nne. Shikamoo. Ama baada ya salamu, kwa heshima na taadhima najitambulisha kwako kuwa mmoja wa wageni wa kundi lako. Niko tayari kupokea maelekezo. Wako mtiifu."

Kesho yake nikarudi kutazama. Jibu lilikuwapo.

"Marahaba. Karibu chuoni. Nimefurahi kwa salamu yako, ni wewe peke yako uliyeniamkia. Zoezi la kwanza liko hapa chini."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilimwambia mke wangu kwamba kile chuo, pamoja na mitambo yake, kina watu wenye adabu.

Wiki zile nilizifurahia, nalisema hilo ingawa linaniongezea haya. Mwenyeji alikuwa anaandika Kiswahili safi, kifupi, kisicho na mzaha. Alinifundisha jinsi ya kutafuta kitabu kwa jina la mtunzi nikiwa Mwanakwerekwe na kitabu kikiwa rafuni chuoni. Alinifundisha kusoma ratiba, ambayo ilikuwa imejaa herufi na namba kama hati za meli. Nilipokosea alisema nimekosea wapi, wala hakurefusha. Na kila nilipoandika nilianza na shikamoo, na kila alipojibu alianza na marahaba, kama inavyotakiwa.

Siku moja nilimuuliza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza mtu kwa miaka mingi. Niliandika: "Shikamoo. Naomba kufahamishwa iwapo mwanafunzi ambaye hakufahamu somo anaruhusiwa kuuliza mbele ya wenziwe, au ni bora angoje wote watoke."

Akajibu: "Marahaba. Anaruhusiwa. Aulize papo hapo. Darasani huwa mna wengi ambao hawakufahamu, na watamshukuru kimoyomoyo."

Nililisoma jibu lile mpaka bibi wa dukani akapitisha kichwa kwenye pazia kuniuliza kama nimelala.

Halafu likaja suala la mwaka. Katika ukurasa ule palikuwa na mahali pa kujaza mwaka wa kuzaliwa, na mwaka haukuandikwa, ulichaguliwa kwenye orodha iliyoteremka. Nikaiteremsha orodha mpaka chini. Mwaka wangu haukuwamo. Aliyeitengeneza hakufikiri kwamba mtu wa umri wangu angeweza kuwa mwanafunzi mpya. Nikamwandikia Mwenyeji, pamoja na shikamoo, kwamba mwaka wangu umesahauliwa. Akanijibu marahaba, nichague ulio karibu nao. Hapo nikaandika kwa ukali kidogo, kwamba siwezi kutia saini yangu kwenye mwaka ambao sikuzaliwa. Kwamba mwaka wa mwisho wa orodha yao nilikuwa nimekwisha kuhitimu chuoni Kurani. Na kwamba nitapaacha patupu mpaka watakapoirekebisha orodha.

Kukapita siku mbili hakuna jibu. Lilipokuja lilianza hivi: "Assalaamu alaykum. Ni sawa, pabaki patupu, tutaandika kwa mkono siku ya uhakiki."

Nikaandika tena kuhusu zoezi lililofuata, nikaanza na shikamoo. Jibu likaanza: "Waalaykumu ssalaam." Mara ya tatu likaanza: "Natumai u mzima."

Mtu ambaye si wa kwetu pengine hataona kitu hapo. Mimi niliona kila kitu. Shikamoo ikitolewa huitikiwa marahaba, na asiyeitikia ama hakusikia ama amekukasirikia. Huyu amesoma, kwa hiyo amesikia. Niliamini kwamba ule ukali wangu kuhusu mwaka umemkera mzee wa watu na sasa ananiadhibu. Ingekuwa ofisini ningekwenda kwake, ningebisha mlango, tungelimaliza. Hapa hapakuwa na mlango. Nikafanya nilichokijua: nikaandika malalamiko rasmi.

"Kwa Mwenyeji wa Kundi la Nne. Shikamoo. Naomba kwa heshima ieleweke kuwa salamu yangu ya shikamoo haikuitikiwa mara tatu mfululizo. Iwapo nimekosa adabu, naomba niambiwe kosa langu. Iwapo sikukosa, naomba niitikiwe."

Yalisomwa na kundi zima. Mmoja akaandika, "Jamani muitikieni mwenzetu asije akalia." Mwingine, "Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?" Wa tatu akaandika kwamba anaitikia kwa niaba ya mtaa mzima. Nikawajibu wote kwa pamoja kwamba adabu haijapitwa na wakati na kwamba sikuwa nazungumza na wao.

Jioni Mwenyeji akaandika: "Marahaba. Hukukosa kitu. Naomba radhi kwa kutokuitikia. Tuendelee na zoezi la mwisho."

Nilitosheka. Nilidhani nimelinda kitu.

Siku ya uhakiki nilivaa suti yangu ya kaki, ile ya sherehe za serikali, na jalada langu nikalitia kwapani. Uhakiki ulikuwa wa siku mbili tu, na mimi, kwa desturi yangu, nilikwenda siku ya kwanza. Ukumbi ulikuwa na meza nyingi, na juu ya kila meza karatasi yenye namba ya kundi. Watu walikuwa vijana watupu. Wengine waliponiona walisogea, wakidhani mimi ni mkaguzi. Nikaitafuta namba nne nikiwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeazimia kumwamkia yule mzee, kumshika mkono, na kumwomba radhi kwa malalamiko yangu, ana kwa ana, kama watu.

Nyuma ya meza ya nne alikuwa amekaa msichana.

Nilimfahamu. Alikuwa akikaa nyumba inayotazamana na yetu, chumba cha chini, pamoja na mama yake. Walikuwa watu wa Tumbatu, waliohamia mjini kiasi cha miaka minne kabla ya hapo. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini alikuwa akifagia mbele ya mlango wao, na kila asubuhi alikuwa akiniambia, "Shikamoo ami," na mimi nikimwambia "Marahaba" huku natazama mbele. Nilijua kuwa anasoma mahali. Ni mahali gani sikuuliza.

Nilifika mezani kabla akili haijafika. Ulimi ulikuwa umezoeshwa wiki zote zile, na ulikuwa umebeba neno lake njia nzima kutoka nyumbani. Yeye aliinua uso, akaniona, akasimama. Tukasema pamoja, kwa pigo moja, yeye na mimi:

"Shikamoo."

Hakuna aliyeitikia. Yeye alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. Wale wenzangu tisa, au wengi wao, walikuwa wamekaa kwenye benchi la pembeni wakisubiri zamu, na niliwaona wakinitazama mimi, kisha wakimtazama yeye, kisha wakitazamana.

"Kumbe ndiye," mmoja akasema taratibu.

"Nani?"

"Si yule wa shikamoo. Yule alotaka kuitikiwa."

"Yallah. Na sisi tulomwambia mwanangu hujambo."

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikajaribu kuzuiwa, kikatoka kwa wote. Sitawasingizia: hakikuwa kicheko kibaya. Lakini nilisikia masikio yangu yanawaka. Nililiweka jalada langu kwapani vizuri zaidi, kama kwamba hilo ndilo nililojia, nikageuka, nikatoka ukumbini sijahakikiwa.

Mke wangu alinikuta nimekaa chumbani na suti yangu.

"Umerudi mapema."

"Nimerudi."

"Wamekukataa?"

"Hawakunikataa."

"Sasa?"

Nikamweleza. Nilipofika pale tuliposema pamoja, alijifunika kanga uso mzima na mabega yakamtikisika. Nilimwacha amalize.

"Nsamehe," akasema akijifuta macho. "Lakini mume wangu, alokwambia kuwa mwenyeji ni mzee nani?"

"Ameitwa Mwenyeji."

"Kaitwa mwenyeji kwa kuwa yeye kashafika na nyie hamjafika. Ndiyo mwenyeji huyo." Kisha nilijua anafikiri nilichokuwa nafikiri mimi. "Na kesho ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Na kiti?"

Kiti nilikiona waziwazi, na yule kijana mwenye shahada amekikalia, na majalada yangu yamefunguliwa ovyo mbele yake. Hata hivyo siku ile niliona ni bora hivyo kuliko kuupita tena ule mlango wa ukumbi.

Baada ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa yeye, na mtandio wake ameukaza. Mke wangu akamkaribisha ndani. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili, na alipokaa alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Ami, nnakuja kukuomba radhi," akasema.

"Ulijua kuwa ni mimi?"

"Wallahi sikujua. Mwanzo nlidhani ni kijana wa skuli, mwenye malezi. Nikafurahi, maana wenziwe wote waliniambia mambo. Ndo nikaitikia. Ungekuwa wewe ungemwacha mtoto wa watu na shikamoo yake?"

"Nisingemwacha."

"Halafu ukaja ule mwaka. Pale ndo nlijua kuwa ni mtu mzima, tena pengine kamshinda baba. Nikasema, nikimwambia, watasoma wote, atahizika. Nisipomwambia, nnaendelea kuitikia shikamoo ya mzee wangu. Ndo nikaanza kuzungusha maneno, mara salaamu alaykum, mara natumai u mzima."

"Na mimi nikalalamika."

"Ukalalamika." Alitazama chini. "Ile marahaba ya mwisho, ami, nliiandika nageuka nyuma, naona kama mama kasimama mlangoni ananitazama."

Mke wangu alijitia kikohozi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona kwamba binti huyu, kwa siku zote zile, amekuwa akinibebea haya yangu peke yake ili nisiione, na mimi nikamlazimisha mbele ya watu aishike kwa mikono miwili.

"Nnaweza kuyafuta," akasema. "Wenyeji tumepewa ruhusa. Asubuhi kabla watu hawajafika, nnafungua ule ukurasa, nnafuta zote: shikamoo, marahaba, na yale malalamiko. Patabaki mazoezi matupu. Wale vijana watasahau. Mwakani hapana atakayejua."

Sitaki kujipamba. Nilitaka afute. Nilitaka hasa, kwa namna ambayo sijapata kutaka kitu katika kazi yangu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilimwona karani wangu wa kwanza niliyemrudisha nyumbani kwa sababu alikwangua wino kwa wembe, akilia, akiniambia ni herufi moja tu, bwana mkubwa.

"Usifute," nikamwambia.

"Ami, si kitu, ni—"

"Kilichoandikwa kimeandikwa. Hukukosea wewe, nilikosea mimi. Atakayekuja baadaye aone."

"Watacheka."

"Watacheka."

Mke wangu akasimama kwenda kutia chai. Nilimuuliza binti anasoma nini. Akaniambia ualimu, anaingia mwaka wa tatu. Miaka miwili alikuwa akitoka mlango ule kwenda mahali ambapo mimi nilikuwa nakwenda kwa kujificha hadi Mwanakwerekwe, na kila asubuhi tulipishana nikamtupia neno moja. Kwamba nilimwamkia aliye mdogo kuliko binti zangu, hilo lilikuwa aibu ya masikioni, ya kuwaka na kupoa. Hili la mlangoni lilikuwa jingine. Halijapoa.

Asubuhi nilivaa shati la kawaida nikaenda. Nilipanga foleni ya meza ya nne nyuma ya wavulana wawili. Mmoja wao alikuwa yule aliyeniuliza kama nimekula. Nilimtambua kwa sauti, ni yeye aliyekiri jana ukumbini. Aliponiona alisogea kando.

"Mzee, pita mbele."

"Mimi ni mwaka wa kwanza kama wewe. Zamu yangu itafika."

"Mzee, kuhusu yale maneno…"

"Yameandikwa," nikamwambia. "Yaache."

Akapita, akahakikiwa, lakini hakuondoka. Alisimama pembeni ya meza akijifanya anapanga vyeti vyake. Wengine walikuwa kwenye benchi lao. Zamu yangu ikafika. Binti hakuinua uso. Nilifahamu anachofanya: alikuwa akihofu kwamba akiniamkia yatarudi ya jana. Alichukua fomu yangu akaikagua mstari kwa mstari, kwa utaratibu ambao ningependa makarani wangu wangekuwa nao, mpaka akafika pale patupu.

"Mwaka wa kuzaliwa?" akauliza, kalamu mkononi.

Nikautaja. Niliutaja kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa na mwangwi, na benchi zima likaanza kupiga hesabu. Yeye aliuandika kwa mkono, tarakimu nne zilizosimama sawa, akatia saini yake pembeni bila kuambiwa. Akapiga muhuri. Nikawa nimesajiliwa.

Kisha akaiweka kalamu chini. Akasimama, akanitazama, na mbele ya kundi zima akaniambia kama alivyokuwa akiniambia kila asubuhi:

"Shikamoo ami."

Neno la kuitikia ni moja, nami nilikuwa nimelitoa maelfu ya mara, kwa makarani, kwa wapwa, kwa watoto wa njiani ambao sikuwatazama. Nilijaribu. Ikatoka pumzi tupu. Tulisimama hivyo, yeye anangoja, na mimi natazama ile saini yake ndogo pembeni ya mwaka wangu.

Yule mvulana akanigusa kiwiko kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mzee asiyesikia vizuri.

"Mzee," akaninong'oneza, "umeamkiwa."